Padre wa Saruji kwenye Mwamba wa Dagaa

Harufu ndiyo iliyonipokea, na ilikuwa harufu ya choo cha hotelini. Nilishuka kwenye bajaji pale juu barabarani, nikasimama kama ninavyosimama kila ninaporudi nyumbani, nikavuta pumzi nikitegemea dagaa, nikapata manukato ya kopo. Dada mmoja mwenye fulana ya kamati alikuwa akiuzunguka mwamba wetu na kopo mkononi, akipuliza hewani, psii, psii, kama anayeua mbu. Nilipomsalimia na kumuuliza kulikoni, alinijibu kwa upole kabisa: “Tunaondoa ile harufu, dada. Wageni wako njiani.”

Ile harufu! Nataka uelewe, rafiki yangu, kwamba ile harufu ndiyo iliyonisomesha. Ilikuwa kwenye sare yangu ya shule, kwenye nywele zangu, kwenye kitanda nilicholala na Bibi. Darasani, watoto wa wafanyakazi wa mjini walisogea pembeni nikikaa, na mwalimu wetu, ambaye mwenyewe alikula dagaa wa Bibi kila wiki, alijifanya haoni. Mtu mkubwa pekee aliyenuka kama sisi na asione haya ni huyo aliyekuwa amefunikwa shuka jeupe juu ya mwamba siku ile, akisubiri kuzinduliwa.

Nilikuwa nimetoka Buhongwa, ninakoshona sare za shule, nikavuka mji mzima mpaka Buzuruga, kisha nikateremka ziwani, kwa sababu Mwenyekiti wa kamati alinipigia simu. Mwenyekiti huyu nimekua naye. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. “Dada, usikose,” aliniambia, “tunamrudisha Padre nyumbani.” Sikufichi, nililia kwenye simu. Padre wetu alifariki akiwa amestaafu, akazikwa ng'ambo ya ziwa alikozaliwa, na sisi tuliomlilia hatukubaki na mahali hata pa kuweka ua. Niliposikia kuna sanamu, nilifurahi kama mtoto. Sasa nimesimama mbele yake na manukato ya kopo puani.

Mwamba ulikuwa umevikwa tailizi, zile nyeupe zenye maua ya bluu ambazo ukiziona tu unajua zilitengenezwa kwa ajili ya bafu. Kuuzunguka kulikuwa na minyororo ya plastiki, kwenye minyororo maua ya plastiki, na kwenye nguzo taa za kubadilika rangi kama za ukumbi wa harusi. Mbele kabisa, kibao: MARUFUKU KUANIKA DAGAA. TUNZA HESHIMA YA ENEO HILI. Nilimtafuta kwa macho Mama mdogo wangu, mdogo wa marehemu mama, ambaye ameanika dagaa juu ya mwamba ule tangu akiwa msichana. Nilimwona mbali, chini kule karibu na mtaro wa maji machafu, yeye na wenzake, wameinama mchangani.

Hebu nikurudishe nyuma kidogo, maana bila hivyo utadhani mimi ni mtu wa kununa tu.

Ufuko wetu umejaa mawe. Makubwa, yamepandana, mengine yako majini, mengine yamelala nchi kavu kama ng'ombe walioshiba. Na karibu yote ni meupe vichwani. Mgeni hudhani ni rangi ya jiwe, kumbe ni mavi ya ndege. Kuna minandi, wale ndege weusi wa kupiga mbizi. Wakishashiba samaki hutafuta jiwe lenye jua, hutandaza mabawa yakauke, na wakiwa pale hufanya mambo yao. Wamefanya hivyo miaka na miaka, na mvua ikiyalowesha mawe yale, harufu yake inakata pua. Lakini mwamba wetu, mpana, mgongo laini, wenye mteremko mdogo kuelekea majini, ulikuwa mweusi safi, kwa sababu ndio uliokuwa kitanda cha dagaa.

Asubuhi mitumbwi ilirudi na karabai zimezimwa, na Bibi alikuwa tayari ameingia majini mpaka magotini, khanga imekunjwa, anapiga kelele za kununua. Yeye na Mama mdogo waliosha dagaa, wakawamwaga juu ya mwamba, wakawatandaza kwa ufagio wa njukuti mpaka jiwe lote likawa fedha. Jua likipanda mwamba uliwaka. Ukiukanyaga peku unaruka. Dagaa waliolazwa hapo asubuhi, jioni ukiwashika wanalia kama majani makavu. Na hawakuwa na mchanga hata chembe. Hilo ndilo lilikuwa jambo lote, rafiki yangu. Dagaa wa mchangani walikuwa chakula cha kuku, dagaa wa mwamba walikuwa chakula cha watu. Wenzake walipomshauri Bibi aanike mchangani siku mwamba ulipojaa, aliwajibu, “Mtu simtilii mchanga, labda siku ya kumzika.”

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kufukuza ndege. Tulikaa kwenye kivuli cha mkuyu na fito ndefu zilizofungiwa makopo yenye kokoto, na ndege akitua tu tunamrukia tukipiga yowe. Kunguru walikuwa wajanja, yangeyange walikuwa waoga, na minandi walikuwa wakaidi kuliko shemeji asiyetaka kuondoka. Bingwa wetu alikuwa huyu huyu Mwenyekiti. Alikuwa na sauti kali kama filimbi na miguu myembamba isiyoogopa jiwe la moto. Siku nzima tulikimbia, na jioni Bibi alitupa ujira wetu: dagaa wabichi kidogo wakavu kidogo, waliokaangwa kwenye kikaango bila mafuta mpaka wakapasuka, na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, vitamu, vigumu, vya kutafuna mpaka taya ziume. Nimekula kwenye sherehe nyingi tangu wakati huo. Sijala tena kitu kama kile.

Katika maisha hayo ndimo Padre alimoingia. Alikuwa mrefu, mwembamba, magoti yamechongoka, miguu imepasuka visigino kama ya mvuvi, na kiatu chake kilikuwa katambuga za tairi, akizikumbuka. Siku ya kwanza kumwona alikuwa anateremka kutoka kanisani na beseni tupu kichwani. “Tumsifu Yesu Kristo,” akasema. “Milele amina,” Bibi akaitikia, akilitazama lile beseni. Padre akaliteremsha, akauliza, “Mama, nianzie wapi?” Bibi alidhani mzaha. Aliendelea kudhani hivyo mpaka alipomwona anaosha.

Watu wa kwetu walimpa sifa moja kabla ya nyingine zote: Padre hana kinyaa. Walisema kwa mshangao, maana sisi wenyewe tulikuwa na kinyaa kingi tu, hata kama tulinuka. Alikuwepo jirani yetu, mwanamume mpweke, mwenye kidonda kikubwa mguuni ambacho kilikuwa hakiponi. Kilinuka kiasi kwamba chakula chake kilipitishwa dirishani kwa mwiko mrefu. Padre aliposikia, alikwenda na maji ya moto, chumvi na shuka la zamani alilolichana vipande, akamwomba Bibi aniruhusu nimsaidie kushika beseni. Nakumbuka ile harufu mpaka leo. Niligeuza uso, machozi yakanitoka, nikabana pua begani. Padre hakunikemea. Aliinama juu ya ule mguu kama mtu anayesoma, akasema taratibu, “Pua huzoea, mwanangu. Ni moyo ndio mgumu kuzoea.” Alipomaliza, akachukua kikombe cha yule jirani, kikombe ambacho hakuna mtu aliyekuwa akikigusa, akanywa maji ya kunywa yaliyokuwa yamebaki humo. Mguu ulichukua muda mrefu kupona, lakini ulipona, na jirani akarudi kula uani na watu.

Lakini kama ningeambiwa nichague jambo moja tu la kumkumbuka Padre, ningechagua kengele ya mvua.

Kengele yetu ya kanisa ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye ule mkuyu, katikati ya kanisa na mwamba, pamoja na kipande cha nondo cha kuigongea. Mlango mkuu wa kanisa ulitazama ziwa, kwa hiyo Padre akiwa altareni aliliona ziwa lote juu ya vichwa vyetu. Na mvua ya ziwani haibishi hodi. Unaiona ikija kama ukuta wa kijivu, na ukipepesa macho imefika. Dagaa nusu wakavu wakinyeshewa, kazi imekwisha: wanabadilika rangi, wanaoza, wanatoa funza. Basi siku za masika, mahubiri yakiwa katikati, tulimwona Padre macho yanatutoka na kwenda nje. Ananyamaza. Halafu anasema neno moja: “Mvua.”

Katekista aliitupa adabu yote, akakimbilia ringi. Ngaa, ngaa, ngaa! Kanisa zima linatoka mbio, wenye dagaa na wasio na dagaa, wazee wa kwaya, mabibi harusi watarajiwa, watoto tukiwa mbele. Majirani Waislamu wa maduka ya juu nao waliteremka na magunia, kwa sababu kengele ile haikumuuliza mtu dini. Padre alivua vazi lake la nje, akaliweka juu ya kiti, akakunja ile kanzu nyeupe kiunoni, akawa kati ya wa kwanza kwenye mwamba, anakumba dagaa kwa mikono miwili. Tuliwaanua wote, tukawafunika, kisha tukarudi kanisani tumelowa, magamba kwenye vidole, na Misa ikaendelea pale ilipoachwa. Sisi watoto tuliipenda sana mvua ile. Ilikuwa inafupisha mahubiri.

Mzee mmoja mwenye heshima zake, aliyehamia kutoka mjini, alikerwa. Alisimama mbele ya watu akasema si vizuri kumwacha Mungu peke yake kanisani kwa ajili ya dagaa. Padre alikuwa anajikamua maji kwenye mikono ya kanzu. Akamjibu bila hasira, “Mzee wangu, Mungu hanyeshewi. Dagaa wananyeshewa.”

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Neno lile likawa letu. Mtu akisitasita, hajui aanze na lipi, amwuguze mgonjwa au aende kikaoni, mwenzake alimwambia tu: Mungu hanyeshewi. Ukasimama ukaenda kwa mgonjwa. Nimelitumia mpaka Buhongwa, wateja wangu wananishangaa.

Sasa turudi kwenye shuka jeupe na kopo la manukato.

Nilishuka mpaka kwa Mama mdogo. “Shikamoo, Mama mdogo.”

“Marahaba, ng'wanawane,” akaniita mwanangu kwa Kisukuma chetu, bila kuinua mgongo. “Umekuja kwenye sherehe?”

“Nimekuja kwa Padre.”

“Padre yuko kule juu. Wamemfungia minyororo.”

Nikamuuliza ilikuwaje. Akanieleza huku mikono ikifanya kazi. Kamati ilitembea ufuko mzima kutafuta mahali pa kumweka Padre. Kila jiwe walilolifikia lilikuwa limejaa mavi ya minandi. Wakafika kwenye letu, wakalikuta safi. Wakashikana mikono kwa furaha. Wakasema mwamba huu umejitunza wenyewe miaka yote, ulikuwa unamsubiri Padre. Jumapili iliyofuata ikatangazwa kanisani.

“Na nyinyi mkasema nini?”

“Tungesema nini? Tumkatalie Padre mahali pa kusimama? Tungeonekana wachawi.” Akasambaza dagaa kwa kiganja. “Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka mikono ikauma. Hatukujua kama anayeingia ni yeye na tunaotoka ni sisi. Kibao kilikuja baadaye.”

Alichota dagaa kidogo, akanifungulia kiganja. Walikuwa wamejaa mchanga machoni, matumboni, kila mahali, na kutoka mtaroni ule upepo mchafu ulikuwa unawapitia juu. “Hawa ni wa kuku,” akasema. “Bibi yako angeniona leo, angenipiga.” Mimi mwenyewe nilitema mate. Si kwa ajili ya dagaa.

Mgeni rasmi alifika na msafara wake. Yakasemwa yaliyosemwa, kwaya ikaimba, shuka likavutwa, watu wakapiga vigelegele. Nami nikamwona Padre wetu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Alikuwa amenenepa, mashavu yamejaa, kitambi kimeisukuma kanzu mbele. Alikuwa amepakwa rangi ya dhahabu kuanzia nywele. Mkononi alikuwa na saa. Miguuni alikuwa na viatu vya ncha kali, vya kung'aa, na fundi alikuwa amezichonga hata kamba kwa uangalifu. Viganja vyake vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga. Na alikuwa ameligeuzia ziwa mgongo, anatazama barabara ya lami, ili wapitao na magari wamwone. Mtu aliyekesha akilitazama ziwa kwa ajili yetu, wamemgeuza kama mtoto aliyeadhibiwa!

Chini ya miguu yake nikaiona ringi. Ile ringi yetu. Walikuwa wameishusha kutoka mkuyuni, wakaipaka dhahabu nayo, wakaizamisha nusu kwenye saruji na kuandika juu yake KENGELE YA PADRE. Majina ya wanakamati yalikuwa ubavuni, kwa herufi kubwa kuliko jina lake.

Saa sita upepo ukageuka, ukaanza kutoka ziwani, kama ulivyogeuka kila siku tangu dunia iumbwe, ukapandisha harufu ya dagaa mpaka kwenye turubai la wageni. Mgeni rasmi akatoa leso, akaifunika pua. Nilimwona Mwenyekiti anaona ile leso. Alikimbia kuteremka, na kwa dakika moja nikamwona mtoto yule wa zamani, miguu ile ile. Kumbe alikwenda kuwaambia akina Mama mdogo wafunike dagaa kwa maturubai.

“Kidogo tu, mama yangu,” nilimsikia, maana nilimfuata. “Mpaka wageni wale chakula.”

“Baba, kwa jua hili nikiwafunika wataiva kwa mvuke. Wataoza.”

“Mama, nakuomba. Ni siku ya Padre.”

Akafunika. Ungefanya nini? Juu kule wakagawa kuku wa kukaanga kwenye visahani vya plastiki. Hapakuwa na dagaa, hapakuwa na matobolwa, na mimi sahani yangu niliirudisha kama nilivyopewa. Mwenyekiti alikuja kukaa karibu yangu, jasho linamtoka, uso umejaa furaha ya kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

“Dada, unaonaje?”

“Viatu,” nikasema.

“Vimefanyaje?”

“Padre hakuwa na viatu.”

Akanicheka. “Sasa dada, sanamu ni heshima. Mtu mkubwa utamwekaje peku?”

Niliondoka bila kuaga. Kwenye bajaji yale manukato yalikuwa yamenishika kwenye nguo njia nzima, nikazifua mara tu nilipofika, nikiwa na hasira kama naosha uchawi.

Sikurudi mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, Mama mdogo aliponiambia anaumwa mgongo. Niliteremka kutoka barabarani, na safari hii harufu iliyonipokea niliijua tangu utotoni, ila haikuwa ya dagaa. Nikainua macho. Padre alikuwa mweupe.

Alikuwa mweupe kichwani, mabegani, kwenye kitambi, michirizi imemshukia usoni mpaka mdomoni. Minandi walikuwa wamekaa juu yake, mmoja kichwani ametandaza mabawa, wengine kwenye mkono ulioinuliwa kubariki magari, wengine kwenye minyororo, na tailizi za bafuni hazikuonekana tena kwa uchafu. Hapo ndipo mambo yalipofunguka kichwani mwangu, na najua yalifunguka kwa wengi siku zile zile. Mwamba ule haukuwa umejitunza. Sisi ndio tulioutunza, kizazi baada ya kizazi cha watoto wenye fito na makopo, na hata sisi hatukujua. Tulidhani tunalinda dagaa. Walipowaondoa dagaa, watoto wakaondoka, na watoto walipoondoka minandi wakaona jiwe safi, lenye jua, halina mtu. Waliofukuza harufu ya chakula walikuwa wamejiletea harufu ya mavi.

Mwenyekiti alikuwepo na ndoo na brashi ya mti mrefu. Alikuwa anaziba pua kwa fulana. Mama mdogo alikuwa amesimama nje ya minyororo, mkono mgongoni. Nilipofika nilikuta mazungumzo yako katikati.

“Watoto tu, mama,” Mwenyekiti alikuwa akisema. “Wakae hapa na makopo yao kama zamani. Tutawapa hata soda.”

“Watoto wa zamani walikuwa wanalinda chakula chao,” Mama mdogo akajibu. “Hawa wa sasa walinde nini? Saruji?”

“Wamlinde Padre!”

“Basi rudisha dagaa. Watoto watakuja wenyewe.”

Mwenyekiti akalitazama lile jiwe lililonuka, akaitazama brashi yake, akasema kwa unyonge, “Mama, dagaa hapa... itakuwaje? Watu watamwonaje Padre?” Nikaitazama miguu yake. Mtu yule alikuwa amesimama kwenye mavi mpaka vifundoni, akiogopa dagaa.

Wakati ule ule upepo ukawa baridi. Niligeuka. Kwenye ziwa, ukuta wa kijivu ulikuwa unakuja. Chini kule mchangani, karibu na mtaro, dagaa wa Mama mdogo na wenzake walikuwa wametandazwa, na wenyewe wengi walikuwa wamepanda nyumbani kupika. Sikufikiri. Nilivuka minyororo, nikateleza kwenye uchafu, nikaokota jiwe, nikaigonga ringi kwa nguvu zangu zote.

Haikulia. Ilitoa mlio mfupi, mzito, kama mtu anayegonga jeneza. Saruji ilikuwa imeimeza sauti yote. Niligonga tena, nikagonga tena, rangi ya dhahabu ikapukutika, na hakuna mlango hata mmoja uliofunguka kule juu. Lakini Mwenyekiti alikuwa ameisikia. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu. Nilimwona anaacha brashi, nilimwona mguu wake unainuka wenyewe kama ulivyofundishwa zamani, tayari kukimbia. Kisha akatazama mchanga uliokuwa unaanza kulowa, akatazama viatu vyake, akaurudisha mguu chini.

“Afadhali mvua inyeshe,” akasema, kama anayejibu kitu nilichomwuliza. “Itamsafisha Padre.”

Tukakimbia mimi na Mama mdogo na mgongo wake mbovu. Tulikumba tulichoweza. Mvua ilitukuta bado hatujafika hata nusu, na dagaa wakaanza kuelea, wakatuponyoka kwenye vidole, wakaingia mtaroni pamoja na chupa na nepi za watoto. Tulisimama tukiwatazama wanakwenda. Mwanamke aliyelisha ufuko mzima siku hiyo hakuwa na dagaa hata wa kuku.

Tulijikinga chini ya mtumbwi uliopinduliwa. Kutoka pale tulimwona Padre wa saruji juu ya mwamba, peke yake, mgongo kwetu, maji yanamshuka yakiwa meupe kama uji. Minandi hawakuwa wameondoka. Mwenyekiti alikuwa ameshakimbilia garini. Nilimwambia Mama mdogo ninavyojisikia: kwamba nimechoka kuuchukia ule uso ambao si wake, kwamba najisikia vibaya kumwona amechafuka namna ile hata kama si yeye, kwamba ningetamani mtu yeyote apige kengele, popote, watu watoke makanisani na madukani wakimbie kama tulivyokimbia. Hakuna hata mtoto mmoja wa kwetu leo anayejua kwamba mvua ilikuwa na kengele yake.

Mama mdogo alikuwa anajikamua maji kwenye khanga. Akaelekeza kidevu kwa Padre wa saruji.

“Alisema Mungu hanyeshewi,” akasema. “Yeye mwenyewe ananyeshewa, na hakuna wa kumwanua.”